UZI: Disney's Animal Kingdom tangu 1998, kanda zilizobadilika, mitambo iliyobaki na sababu zake

#1 MchoraRamani

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa bustani moja tu ya burudani, Disney's Animal Kingdom, iliyoko Florida, Marekani, karibu na Orlando. Ilifunguliwa 22 Aprili 1998, na tangu hapo imepitia kila aina ya mabadiliko: kuongezwa, kubomolewa, kubadilishwa jina na kujengwa upya. Na kanda yake kubwa kuliko zote imechorwa kwa kuiangalia Lamu, kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili wana jicho la kuikagua ambalo wengine hawana.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili ipingwe: hadithi, rangi na majina ni nguo, hubadilishwa kwa msimu mmoja. Kinachoamua kanda itaishi au itakufa ni mifupa: msingi, njia ya mtambo (mchezo wanaopanda wageni), mfereji wa maji, nafasi ya kupitisha watu. Mwenye kujua mifupa iko wapi anaweza kueleza karibu kila badiliko lililotokea pale.

Ramani ya siku ya kwanza ilikuwa hivi. Langoni Oasis. Katikati, kisiwani, Safari Village (ndiyo Discovery Island ya sasa) na ule mti mkubwa, Tree of Life. Kuuzunguka: Africa, DinoLand U.S.A., Camp Minnie-Mickey, na Conservation Station inayofikiwa kwa treni tu. Asia ilikuja 1999. Kanda ya viumbe wa hadithi, Beastly Kingdom, ilichorwa ila haikujengwa, ndiyo maana nembo ya bustani ina joka ambalo halina pa kukaa. Kiwanja chake wakakipa Camp Minnie-Mickey kama kishika nafasi, na kishika nafasi hicho kikakaa hadi Januari 2014.

Cha kwanza kufa kilikuwa boti za Discovery River. Ziliwekwa kama usafiri wa kuzunguka kisiwa, lakini mgeni akiona foleni na boti anajua huo ni mchezo. Alisubiri muda mrefu, akapanda, akashushwa upande wa pili bila kuona kitu cha maana. Walibadilisha jina, wakabadilisha tena, na 1999 zikafungwa. Jina jipya halikuweza kuleta mandhari kandokando ya mto ambayo haikujengwa tangu mwanzo.

Karibuni. Naomba tuende kanda kwa kanda.

#2 MwanaAmu

Ahsante ndugu MchoraRamani. Mimi nishike Harambe, mji wa kubuni ulio ndani ya kanda ya Africa.

Timu ya usanifu iliyoongozwa na Joe Rohde iliiangalia Lamu kwa makini, na inaonekana: kuta za mawe ya matumbawe ambazo lipu imebanduka sehemu sehemu, milango ya nakshi, baraza nje ya nyumba, ngome. Kuna alama za Uhuru na mwaka 1961 ukutani. Huo ni mwaka wa Tanganyika, wakati Lamu iko Kenya, ambako uhuru ulikuja 1963. Mji ni wa kubuni, kwa hiyo silihesabu kama kosa. Ni mchanganyiko wa pwani nzima.

Tofauti kubwa iko kwenye vipimo. Nyumba ya kweli ya Lamu huamuliwa na boriti ya mkoko. Boriti haivuki zaidi ya kama mita 3, basi vyumba vyote ni vyembamba na virefu, na dari ni nzito kwa sababu juu ya boriti kuna mawe na chokaa. Harambe chuma ndicho kinachobeba, boriti zile ni za kuonekana tu, kwa hiyo vyumba vya ndani ni vipana kama ukumbi. Njia nazo vilevile. Mtaa wa Lamu hujengwa mwembamba ili ukuta mmoja uutilie kivuli ukuta wa pili. Mtaa wa bustani hupangwa kwa umati na kwa gari la dharura. Matokeo yake kivuli cha asili kimepotea, na kazi hiyo wameachiwa miti, vitambaa na miavuli.

Kuhusu paa: si makuti ya mnazi. Ni nyasi, zilizoezekwa na mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Chaguo hilo lina maana kwa mvua za Florida. Paa la nyasi hudumu kuliko makuti ilimradi mwinuko usipungue nyuzi 45. Chini ya hapo maji hayateremki haraka, hubaki ndani ya tabaka, na uozo huanzia chini ambako haionekani. Ukiona nyasi zimekuwa nyeusi kwenye bonde ambapo paa mbili zinakutana, hapo pameshaanza kuoza.

Harambe haikubomolewa, ilirefushwa. 2014 likaja jumba la Harambe Theatre, 2015 soko la Harambe Market. Kwa kuwa nyumba za pwani huongezwa chumba baada ya chumba, jengo jipya lilikaa kando ya la zamani bila kuonekana la kigeni. Huu ndio mfano mzuri kuliko yote ya kanda iliyokua bila kupoteza sura.

#3 ZegeNaNondo

Nyongeza kwa MwanaAmu. Wengi huuliza "mawe" yale hutengenezwaje. Utaratibu wa jumla wa kazi hii, kwa ukuta wa matumbawe, mwamba au mbuyu wa zege:

Kwanza fremu ya chuma inayobeba uzito. Juu yake nondo nyembamba zilizokunjwa kufuata umbo, zikafungwa kwa waya. Kisha wavu wa chuma wa kushika zege. Zege hurushwa kwa mpira wenye presha kama unene wa sentimita 5 hadi 8, huachwa ishike, halafu hupigwa tabaka la pili la kuchonga, sentimita 2 hadi 4. Hili la pili ndilo lenye uso. Fundi huchonga wakati halijakauka, kwa mwiko, brashi, msumari, hata mfuko wa plastiki uliokunjwa. Rangi huja mwisho: ya msingi, halafu nyembamba zenye maji mengi zinazotiririka zenyewe kwenye nyufa, kama uchafu wa kweli unavyotiririka.

Kinachoharibu kazi ni hiki:

Tabaka la kuchonga likikauka haraka juani hupasuka nywele nywele. Lazima lifunikwe na kunyunyiziwa maji.

Mwanya wa kutanukia ukisahaulika, zege litatengeneza mwanya wake lenyewe, na litauweka usipopataka. Wachongaji wazuri huficha mwanya ndani ya ufa wa kuchonga.

Maji yakiingia nyuma, wavu hushika kutu. Kutu huvimba kuliko chuma kilivyokuwa, kwa hiyo uso hubanduka vipande vikubwa. Ukiona michirizi ya kahawia chini ya "jiwe", kupaka rangi upya ni kupoteza pesa. Fungua, kata wavu, anza tena.

Tree of Life ilijengwa kwa njia hii kwa kiwango kikubwa sana. Urefu wake ni kama mita 44. Fremu ya ndani ilitokana na usanifu wa mitambo ya mafuta ya baharini, kwa sababu ilihitajika kitu chenye nguvu lakini chenye uwazi katikati, ambamo jumba la maonyesho limekaa. Wanyama zaidi ya 300 walichongwa kwenye shina na mizizi. Matawi makubwa yana viungo vya kuachia mwendo ili upepo wa kimbunga uyatikise bila kuyavunja, na majani bandia ni kama 103,000.

Na ona jinsi hoja ya mleta uzi inavyosimama hapa. Onyesho lililokuwa ndani ya shina, la wadudu, lilifungwa Machi 2025, na Novemba mwaka huohuo likafunguliwa jipya la filamu ya katuni ya Zootopia. Mti haukuguswa. Ukumbi uliachwa wazi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kubadilisha yaliyomo kulikuwa kazi ya ndani tu.

#4 NjiaYaPori

Naomba niseme juu ya Kilimanjaro Safaris, safari ya kuona wanyama ndani ya kanda ya Africa. Ni hekta kama 44, na gari la wazi linaloendeshwa na dereva wa kweli.

Barabara inaonekana ya udongo lakini ni zege lililotiwa rangi ya udongo wa hapo. Likiwa bado bichi lilipitishwa matairi kuacha makorongo, likatupiwa mchanga, mawe na vijiti. Sababu ni ya kimekanika kabisa. Udongo wa kweli, kwa magari mazito yanayopita mfululizo siku nzima na mvua za Florida, ungekuwa tope ndani ya wiki.

Wanyama wanaonekana hawana uzio kwa sababu vizuizi vimezikwa: mifereji mirefu iliyofichwa nyuma ya nyasi, kuta zilizozama chini ya usawa wa macho, maji. Chakula hufichwa kwenye magogo bandia na matawi mabichi huning'inizwa karibu na njia ili twiga na wengineo wakae pale gari linapopita. Mwamba wa simba hupozwa ili simba walale juu yake mchana badala ya kujificha. Usiku wengi hurudi mabandani, na mafunzo ya kurudi kwa ishara ya sauti ni sehemu ya kazi ya kila siku. Mnyama asiyerudi kwa hiari ni tatizo la daktari kesho yake asubuhi.

Sasa mabadiliko. Safari ya 1998 ilikuwa na hadithi: majangili wamemteka mtoto wa tembo, gari linawakimbiza, daraja linayumba. Hadithi ikapunguzwa hatua kwa hatua, na 2012 sehemu ya mwisho ikaondolewa, wakaletwa pundamilia. Nionavyo, hadithi ilikuwa inapigana na mtambo. Sauti ya redioni inayosimulia majangili inahitaji gari liwe mahali fulani sekunde fulani. Kifaru akisimama barabarani dakika 4, sauti na gari havipo tena pamoja. Tena mbio za mwisho zilimlazimu dereva kuongeza kasi mahali ambapo mgeni angependa kusimama. Mnyama hafuati ratiba, kwa hiyo ratiba ndiyo iliyotolewa.

#5 MchoraRamani

NjiaYaPori umeipatia. Niongeze kwamba 2016 walianza kuipeleka safari hadi usiku, kwa taa zinazoiga machweo marefu. Bustani ilikuwa inafungwa mapema kuliko nyingine za Disney kwa sababu ya wanyama, na hiyo ilikuwa mipaka ya kweli ya biashara yao. Onyesho la usiku la mtoni, Rivers of Light, lilianza Februari 2017 na halikurudi baada ya kufungwa kwa Machi 2020.

Nani ana Everest?

#6 ReliNyembamba

Everest iko hapa.

Expedition Everest, rola kosta inayopita ndani ya mlima wa bandia, ilifunguliwa rasmi 7 Aprili 2006, kanda ya Asia. Reli ni kazi ya Vekoma ya Uholanzi. Urefu wa mlima ni futi 199.5, yaani karibu mita 61. Nusu futi ile ina maana: kuanzia futi 200 sheria za anga za Marekani zingedai taa nyekundu ya kuonya ndege, na taa nyekundu juu ya Himalaya ingeharibu kila kitu. Njia ni kama mita 1,348, mteremko mkubwa mita 24, kasi hadi kilomita 80 kwa saa, treni ya watu 34.

Uzuri wake uko kwenye swichi mbili za reli. Treni inapanda mnyororo, inafika kileleni ambapo reli mbele "imeng'olewa", inasimama. Wakati abiria wanaitazama reli iliyovunjika, nyuma yao kipande cha reli kinajiviringisha kwa mhimili wake wa urefu. Kina reli mbili, moja juu na moja chini, na ya chini sasa imekuja juu. Treni inaachiwa, inateremka kinyumenyume gizani kwenye njia nyingine kabisa. Inasimama tena ndani ya mlima. Kivuli cha Yeti, zimwi la theluji la hadithi za Himalaya, kinaonyeshwa kiking'oa reli, na muda huohuo swichi ya pili inageuka mbele ya treni. Kisha ndio ule mteremko.

Mpangilio wa usalama wa swichi ya namna hii ni huu. Kompyuta haiamini amri, inaamini uthibitisho. Swichi ikigeuka, lazima sensa zaidi ya moja ziseme imefika, pini za kufunga ziseme zimeingia, na sehemu ya njia iliyo mbele iseme haina treni. Sensa mbili zikipingana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, treni inabaki ilipo na fundi anaitwa. Mara nyingi mtambo wenyewe hauna ubovu: ni sensa yenye vumbi la grisi au iliyosogea milimita kadhaa kwa mtikisiko. Ndiyo maana mitambo yenye swichi husimama mara nyingi zaidi kuliko rola kosta ya kawaida ya mzunguko mmoja.

#7 Kipimo

Mkuu ReliNyembamba, na yule Yeti? Inajulikana amesimama tangu miaka ya mwanzo, wanamulika kwa taa za kumwekamweka aonekane kama anatikisika. Kwa nini wasimtengeneze?

#8 ReliNyembamba

Yeti ni sanamu la haidroliki (linaloendeshwa kwa presha ya mafuta) la kama mita 7.6. Ndani ya mlima kuna majengo matatu yasiyogusana kwa makusudi: ganda la mlima, reli, na nguzo ya Yeti. Zikigusana, mtikisiko wa treni ungeingia kwenye mwamba na kuupasua.

Maelezo ambayo yamekuwa yakitolewa kwa miaka ni kwamba shida iko kwenye kishikizo cha chini na msingi wake, na sanamu lenyewe si tatizo. Hilo linaingia akilini ukipiga hesabu. Uzito uliotulia haumsumbui mhandisi. Kinachosumbua ni mkono mzito unaorushwa mbele na kusimamishwa ghafla. Nguvu ya kusimama ni uzito mara kasi ya kupungua, na yote inashuka kwenye bamba la chini na boliti zake. Tukadirie mwendo mmoja kwa dakika, saa 10 kwa siku: 600 kwa siku, zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Zege la kujazia chini ya bamba likianza kusagika, boliti hulegea, na zikilegea kila pigo linakuwa kubwa kuliko la jana.

Na mlima ulifungwa kumzunguka. Kufika msingini kwa mashine kubwa kunahitaji kufungua ganda na pengine kutoa reli, yaani kufunga mtambo unaovuta umati mkubwa kwa muda mrefu.

#9 Kipimo

Nimeelewa. Basi kwa nini wasimweke mwepesi wa umeme kwenye nguzo ileile?

#10 ZegeNaNondo

Ndugu Kipimo, hilo ndilo ambalo na mimi ningelichagua. Ukipunguza uzito wa mkono kwa nusu na ukapunguza kasi ya kusimama, mzigo wa msingi unashuka sana. Mota za umeme za siku hizi pia zinaweza kupangwa zisimame taratibu mwishoni mwa mwendo. Lakini bado unahitaji kumtoa wa zamani vipande vipande kupitia milango ya huduma, na kuthibitisha hali ya msingi kabla ya kuufunga kitu kipya. Ujenzi wowote wa ndani ya jengo lililofungwa unatakiwa uachiwe mlango wa kutolea kipande kikubwa kuliko vyote. Siku ya kuchora mlango huo ni rahisi. Baada ya zege ni ghali mno.

#11 MwanaAmu

Tuhamie DinoLand, kanda ya dinosaria, maana hapo ndipo hoja ya mifupa inapopata nguvu zaidi.

Mwaka 2001 na 2002 waliongeza kipande cha Chester & Hester's Dino-Rama: bembea ya kuzunguka ya TriceraTop Spin na rola kosta ya magari yanayojizungusha, Primeval Whirl. Hadithi ilisema ni kibanda cha maonyesho cha kando ya barabara kuu, kwa hiyo lami tupu na mabati ya rangi vilikuwa "sahihi". Naona hapo hadithi ilitumika kuhalalisha ujenzi wa bei nafuu, na mgeni hahukumu kwa hadithi. Lami ya Florida mchana ni moto, na kivuli kilikuwa haba. Primeval Whirl ilifungwa kabisa 2020, kipande kilichobaki Januari 2025.

#12 ReliNyembamba

Kiufundi, gari la kujizungusha ni mzigo wa matengenezo. Kila gari lina beringi yake kubwa ya mlalo, breki ya kuzuia mzunguko, na magurudumu yanayopigwa kwa pembeni kwenye kona kali zisizolazwa. Mtambo wa njia mbili una magari mengi, na kila moja linakaguliwa kivyake.

Tofautisha na DINOSAUR, mtambo mkuu wa kanda hiyo tangu 1998 (jina la kwanza Countdown to Extinction). Gari lake la watu 12 ni la aina ileile iliyoanza 1995 kwenye Indiana Jones Adventure ya Disneyland, California. Chesisi (fremu ya chini yenye magurudumu) inafuata mfereji mwembamba sakafuni na kuchukua umeme humo. Kati ya chesisi na bodi kuna jeki za haidroliki. Sakafu ni karibu bapa: shimo, tope na kuruka unavyovihisi vyote vinatoka kwenye jeki, zikifuata faili iliyorekodiwa. Ndiyo maana mtambo mmoja unaweza kuwa mkali au mpole kwa kubadilisha faili. Kimo cha chini cha abiria kilikuwa inchi 40 hapa, sentimita 102, na inchi 46 kule California.

#13 NjiaYaPori

Kabla hatujamaliza DinoLand, tusiiruke Pandora, kanda ya filamu ya Avatar iliyochukua kiwanja cha Camp Minnie-Mickey. Camp Minnie-Mickey ilikuwa na vibanda, njia na majumba mepesi ya maonyesho, kwa hiyo kusafisha kiwanja hakukuwa vita. Onyesho la Lion King lilihamia Harambe Theatre Juni 2014, na Pandora ikafunguliwa 27 Mei 2017 kwenye hekta kama 5.

Milima inayoelea inashikwa na chuma kilichofichwa ndani ya mimea minene itambaayo na maporomoko ya maji. Angalia mahali ambapo mmea mnene wa kutambaa unagusa chini: hapo ndipo nguzo ilipo. Flight of Passage, mtambo wa kuiga kuruka angani, hupandisha watu 16 kwa chumba kimoja, kila mmoja akipanda kiti kama pikipiki, akizuiwa mgongoni na kwenye vigimbi vya miguu. Udhaifu ni uleule wa swichi za Everest: kizuizi kisipofunga sawasawa kwa mtu mmoja, chumba kizima kinasubiri. Ndiyo maana kuna kiti cha kujaribia nje, na mwenye mwili mkubwa au vigimbi vinene ni vizuri akijaribie kabla ya kupanga foleni.

#14 MchoraRamani

Basi nihitimishe upande wa ramani. DINOSAUR ilifungwa mwanzoni mwa Februari 2026. Kanda nzima inageuzwa kuwa Tropical Americas, iliyotangazwa kufunguliwa 2027, yenye mtambo wa filamu ya katuni ya Encanto, jukwaa la farasi wa kuzunguka lenye wanyama wa kuchongwa, na mtambo wa Indiana Jones ndani ya jengo la DINOSAUR.

Hilo la mwisho halikunishangaza. Njia ya DINOSAUR na ile ya California zinafanana karibu kona kwa kona. Mfereji wa sakafuni na jengo vipo. Kazi iliyobaki ni mandhari, sauti, taa, bodi za magari na mwendo mpya wa jeki. Dino-Rama haikuacha chochote cha namna hiyo, na kiwanja chake kinaanza upya kutoka kwenye lami.

#15 Kipimo

Kwa hiyo kwenye jengo la DINOSAUR cha kufuatilia ni nini mpaka 2027?

#16 ReliNyembamba

Mambo mawili, mkuu. La kwanza ni kimo cha abiria watakachotangaza. Kikibaki inchi 40, jua mwendo umeachwa wa wastani. Kikipanda kuelekea 46, wameongeza ukali. La pili ni kama wataendelea na haidroliki au watahamia jeki za umeme. Haidroliki huvuja mafuta, huhitaji pampu na ubaridi wa mafuta kwenye kila gari, na mafuta yakidondoka kwenye mfereji wa umeme sehemu nzima husimama kwa usafi. Picha za magari mapya zikitoka, angalia chini ya bodi kama mipira ya mafuta bado ipo.